Kikombe Chenye Tundu

Percell Magee alikuwa na mdomo. Wengine Mungu aliwapa mashamba, wengine sauti ya kuimbia kwaya, yeye akapewa mdomo, na kwa mdomo huo alikula, alivaa, na akanunua kibasi cheupe cha kubebea watalii. Na pale Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi, kazi ya utalii inataka mdomo kweli, maana macho peke yake hayatoshi. Utamwonyesha mgeni nini? Barabara ina mashimo ya kuzamisha ndama. Mtaa wa zamani, ule wa watu weusi, uliokuwa na sinema na madaktari na muziki mpaka kuku wanashindwa kulala, sasa umepigiliwa mbao madirishani. Maji leo yanatoka, kesho yanatoka na rangi ya chai, keshokutwa bomba linakupulizia upepo tu kama mzee anayekohoa.

Basi Percell alikuwa anaziba mashimo kwa maneno. Akifika kwenye shimo kubwa anapunguza mwendo, anavua kofia na kuwaambia watalii kwamba humu alizikwa meya fulani. Wakifika kwenye jumba la serikali lenye tai wa dhahabu juu ya kuba, anawaambia yule tai kapanda kule juu kutafuta maji. Watu wanacheka. Halafu anawapeleka kula sandwichi ya sikio la nguruwe, na anasimama pembeni kuangalia sura zao, maana huo nao ulikuwa utalii, wa kwake yeye.

Lakini mali yake hasa, kitu alichokiweka mwisho kama mama anavyoficha keki mpaka watu washibe wali, ilikuwa hoteli ya Tarver.

Hoteli yenyewe ilikufa zamani. Orofa tatu za matofali, mpekani, ule mti wa kokwa za pekani, umeota uani ukaingiza matawi mpaka ndani ya jikoni, na jina limebaki nusu ukutani. Percell alikuwa anaegesha kibasi upande wa pili, mbele ya kinyozi, anazima injini, na anakaa kimya. Huo ukimya ndio ulikuwa ufundi. Mtu mwenye mdomo akinyamaza, hata mtoto anashtuka. Kisha anawaonyesha dirisha la orofa ya pili. Mnaona pazia la njano? Mnaona taa ile ya chemli, na jagi, na kikombe? Basi pale anakaa Odessa. Alikuwa dobi wa hoteli hii, mwanamke mzuri, gauni lake la njano. Bwana wake alipanda treni kwenda Chicago, akamwambia nisubiri hapo dirishani nitakuja kukuchukua. Stesheni ile pale mwisho wa mtaa, mnaiona? Odessa akasubiri. Mpaka leo. Na anapochoka kusubiri anajikorogea kahawa, ukipita alfajiri unasikia kijiko.

Watu walikuwa wanapiga picha. Kinyozi Lucious Nettles, mzee mwenye ulimi mkali kuliko wembe wake, alikuwa anatazama yote kupitia kioo na kutikisa kichwa.

"Percell," alimwambia siku moja, "ukifa hatutakuzika. Tutakuacha uongee mpaka ujifukie mwenyewe."

Percell aliapa mbele ya kila mtu kwamba hadithi kaitunga yeye, kuanzia jina mpaka gauni. Alijisifu nayo. Alisema kichwa kilichoacha shule darasa la nane ndicho kinachowalisha wasomi wa hoteli za katikati ya mji, maana wageni wanalala huko kwa sababu ya Odessa wake. Pazia alilitundika mwenyewe. Ila ile taa, jagi na kikombe hakuvinunua. Alivitoa uani, chini ya mpekani.

Sasa hapo ndipo penye jambo. Mama yake Percell, Bi Luberta, alikuwa msafishaji wa vyumba pale Tarver enzi za uhai wake. Hata hoteli ilipofungwa, kila mwaka majani yanapoanza kudondoka alimshika Percell mkono, akaingia naye ule ua, akafagia chini ya mpekani, akavipanga vile vitu vitatu vizuri, akasimama kidogo, kisha wakarudi nyumbani. Percell akiuliza, jibu lilikuwa moja: usiguse. Alipokufa, vile vitu vilibaki kwenye majani, na Percell akaja akavikuta, vimepauka, vizuri kabisa kwa kutishia watalii.

Na alijua. Asiseme hakujua. Kila aliyelelewa huku anajua kwamba mtu akifa, kikombe alichonywea mara ya mwisho kinatobolewa tundu, kinawekwa juu ya kaburi na taa yake na jagi lake. Kinatobolewa ili kifo kikatike pale pale, kisiwafuate wengine wa nyumba hiyo. Na kikishawekwa, hakichukuliwi. Ukikichukua, mwenyewe anakufuata wewe. Kikombe kile kilikuwa na tundu, limepigwa kwa msumari. Lakini Percell alijiambia kwamba hapa ni ua wa hoteli, si makaburini. Pasipo kaburi pana nini cha kuogopa? Akavibeba, akapanda navyo, akavipanga dirishani.

Alfajiri iliyofuata alisikia kijiko jikoni kwake.

Alikuwa anaishi peke yake, mke wake Ozella alishafariki, watoto wako Houston. Alikuwa kitandani, akasikia kijiko kinakoroga kikombe, taratibu, ting, ting, ting, halafu kinagongwa ukingoni mara moja kama mtu anayekikung'uta. Akaenda. Hakuna mtu. Akasema ni mabomba. Huku kwetu kila kitu ni mabomba. Ndoa ikivunjika ni mabomba. Ila yakaja yale majira ya joto maji yalipokatika mji mzima, watu wanapanga foleni na madumu, mabomba yote makavu kama koo la mlevi, na kijiko kikaendelea kukoroga. Hapo mabomba yakakosa lawama. Percell hakumwambia mtu. Nani angemwamini? Mwongo akiona mzimu kweli, atamwambia nani? Akaanza kuamka mapema zaidi na kuwasha redio. Na hadithi yake akaendelea kuisimulia, akaiongezea kile kijiko, na watalii wakaona sasa ndiyo imenoga.

Ndipo akaja Bi Verlene.

Alikuja peke yake, asubuhi ya joto la kunata, bibi wa karibu miaka themanini, kofia ya kanisani, fimbo, viatu vya kutembelea vipya kabisa. Wale wengine waliokuwa wamepanga safari siku hiyo waliposikia maji yamekatika tena walighairi, basi kibasi kizima kikawa chake. Alikaa kiti cha mbele. Percell akamwita dada mkubwa, akamuuliza katoka wapi, akasema Chicago, lakini kazaliwa hapa hapa. Aliondoka na miaka sita. Shangazi yake alikuja kumchukua, wakapanda treni, mama yake akabaki jukwaani stesheni akasema atakuja baada ya muda mfupi. Hakuja. Shangazi akasema kapata mwanamume, kamsahau. Ndivyo alivyoambiwa tangu akiwa na miaka saba mpaka shangazi alipozikwa, na shangazi hakuwahi kubadilisha hata neno.

"Sasa nimekuja kutalii," alisema. "Watoto wangu wameniambia nenda kapumzike Florida. Nikasema nataka kuona mahali mtu anaweza kumsahau mtoto. Lazima patakuwa pazuri sana."

Percell alicheka, halafu akaona hakukuwa na kicheko. Akamzungusha. Alipovua kofia kwenye kaburi la meya, bibi alitabasamu kwa adabu tu. Alipomwonyesha tai, aliangalia dirisha la upande mwingine. Sandwichi ya sikio alikula yote, akaomba haradali zaidi, akapangusa vidole, na Percell akajua huyu kweli wa hapa.

Wakafika Tarver. Akazima injini, akanyamaza unyamavu wake, akaonyesha dirisha, akaanza. Bibi alikuwa anatazama juu. Percell alipofika kwenye jina, akamkatiza.

"Odessa nani?"

"Odessa tu, dada yangu. Mizimu haina jina la ukoo, haipigi kura."

"Mama yangu alikuwa Odessa. Alifua mashuka hoteli moja karibu na stesheni."

Percell akasema Odessa walikuwa wengi, enzi hizo ukitupa jiwe unampiga Odessa. Bibi akamwambia amalizie. Akamalizia, lakini kwa mara ya kwanza maneno yalikuwa yanamkwama, na alipofika kwa bwana aliyekwenda Chicago, akaona mkono wa bibi umekaza kwenye fimbo. Bwana. Hata mzimu wa kutungwa ulikuwa na mwanamume. Shangazi wa watu alikuwa amekufa, na Percell alikuwa amekaa pale anamsaidia kusema yale yale.

"Nataka kupanda," bibi akasema.

Alijaribu kumzuia. Ngazi mbovu, njiwa, nyoka labda. Bibi akafungua mlango wa kibasi na kushuka. Percell alikuwa na ufunguo wa kufuli la nyuma, wa wizi, tusifichane, na wakapita uani, chini ya mpekani, wakaingia. Ndani kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya karatasi za ukutani zilizooza. Walipanda ngazi moja moja, yeye nyuma yake mikono imetandazwa kama anabeba sinia, akijiambia akidondoka huyu nitasema nini. Juu, chumba kile kilikuwa kidogo, sakafu imejaa mavi ya njiwa, pazia la njano limefifia kwa jua. Dirishani ukisimama unaona mtaa wote mpaka stesheni.

Bibi hakuangalia stesheni. Aliangalia kikombe.

Kilikuwa cha bati, kidogo, cha mtoto, kimechorwa kifaranga kilichobaki nusu. Mkono wa kukishikia umepinda kwa ndani. Bi Verlene akakichukua, akatia kidole chake kikubwa cha kizee kwenye ule mkono, na kidole kikaishia njiani.

"Kilikanyagwa na mkokoteni wa barafu," alisema polepole. "Nililia siku nzima. Mama akasema usilie, sasa hakuna mtoto mwingine atakayeweza kukishika, kimekuwa chako kabisa." Akakigeuza, akaona tundu. Alikuwa mtu wa huku, hakuhitaji kuelezwa tundu. Akakaa juu ya sanduku lililokuwa pale, kofia yake ya kanisani ikiwa imepinda. "Hiki nilikiacha. Shangazi alisema sanduku limejaa. Nani alikinywea mwisho? Umekitoa wapi?"

Hapo Percell angeweza kutunga. Mdomo ulikuwa tayari, alisikia uongo mtamu kabisa unapanda kooni, wenye malaika na kila kitu. Lakini bibi alikuwa amekishika kile kikombe kwa mikono miwili kama anaogopa kitamwagika, kikombe chenye tundu. Akamwambia ukweli: uani, chini ya mti, alivipanga mama yangu, akaniambia nisiguse, nikagusa.

Walishuka. Lucious Nettles alikuwa amevuka barabara, yuko pale uani na taulo begani, ameacha mteja na povu shavuni, amekuja kwa ajili ya kumtania Percell kwamba siku hizi anachumbia dirishani. Mzaha alikuwa nao tayari mdomoni, ulionekana. Kisha akaona alichobeba yule bibi, na taulo likamponyoka.

"Percell, nilidhani vile vya dirishani umenunua sokoni," alisema. "Usiniambie ni vya Luberta."

Percell akavua kofia, akaegemea mti.

Basi Lucious akaeleza, kwa sauti ambayo watu wa mtaa ule hawajaisikia kwake, bila tusi hata moja. Alikuwa kijana mfagiaji wa kinyozi enzi hizo. Odessa alikuwa na kifua, kile kikuu, cha kukohoa damu kwenye leso. Mtoto alipopelekwa kaskazini, yeye alitakiwa kufuata. Tiketi alikuwa nayo. Lakini kikohozi kikazidi, akasema hawezi kumpelekea mtoto kifua, kwanza apone. Luberta, ambaye hakuogopa kuambukizwa wala hakuogopa meneja, alimficha kwenye chumba kile cha juu, akawa anamfulia mashuka yake na ya hoteli pia, ili asifukuzwe. Odessa alikuwa anakaa dirishani. Treni ya jioni ikiingia anasimama, ikiondoka anakaa. Alikataa kunywea kikombe cha hoteli. Kila kitu alinywea kile kidogo cha bati, hata kahawa, anaijaza tena na tena, anakoroga na kijiko kikubwa kisichoenea, ting, ting, mpaka watu wa vyumba vya jirani wakalalamika.

Percell, aliyekuwa ameegemea mti, aliposikia hilo la kijiko alishika gome kwa mkono.

Alizikwa nje ya mji, Lucious akasema, kwenye makaburi ya wasio na ndugu. Halafu barabara kubwa ikapita juu yake. Luberta alikuwa amekitoboa kikombe, anatafuta pa kukiweka, akakuta lami. Akarudi nacho hapa, chini ya dirisha lake. Alisema kama Odessa atarudi kukitafuta, atakuja alipokuwa anakaa, si chini ya magari.

Bi Verlene alikuwa anasikiliza kichwa kimeinama. Hakuuliza kuhusu mwanamume. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mama yake alikuwa anamtaja.

"Mwanangu," Lucious akamwambia, yule kinyozi wa miaka karibu tisini akimwita bibi wa themanini mwanangu, "tulikuchoka. Verlene hivi, Verlene vile. Tulikujua wewe kuliko tulivyowajua watoto tuliokuwa tunawaona."

Mteja wa kinyozi alikuwa ametokea mlangoni na povu lake, akaona hali, akarudi ndani.

Percell alijaribu kufanya jambo zuri. Alisema kikombe ni chako, dada yangu, kichukue, nenda nacho Chicago ukiweke kabatini, hakuna mwenye haki nacho zaidi yako. Bibi akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa mwisho darasani.

"Mama yako hakukufundisha? Hiki kimeshapewa mwenyewe."

Basi Percell akapanda tena, akaleta taa na jagi, akang'oa na pazia. Akafagia chini ya mpekani kwa tawi, kama alivyomwona mama yake akifanya, na mikono yake ikajua bila kuambiwa jagi linakaa wapi na taa inaelekea upande gani. Sehemu ya kikombe aliiacha. Bi Verlene alipiga magoti, ikachukua muda, wanaume wawili wakimshika viwiko. Alikisogeza mdomoni kwanza, kikavu, akaweka midomo yake ukingoni kama anayekunywa. Kisha akakiweka chini, tundu likatazama ardhi.

Alipoinuliwa, hakutaka kuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akaweka fimbo mapajani.

"Sasa nisimulie," alimwambia Percell.

"Nikusimulie nini?"

"Ile yako. Kama unavyowasimulia watalii. Mimi nimelipia."

Percell Magee, mtu ambaye hajawahi kukosa neno hata kwenye mazishi ya mkewe, alisimama pale uani kofia mkononi. Lucious alikuwa anamtazama. Juu, dirisha lilikuwa tupu, shimo jeusi tu kama mengine. Akaanza. Pale juu anakaa Odessa, dobi wa hoteli hii, mwanamke mzuri. Gauni la njano. Bibi akasema ndiyo, la njano, na Percell akalitazama lile pazia aliloling'oa, maana rangi ile aliapa kaitunga. Sasa alimsikia Bi Luberta, miaka ile, amesimama na ufagio anaongea chini chini, na yeye mtoto anarusha kokwa za pekani akidhani hasikilizi.

Anakaa dirishani, akaendelea, kwa sababu kuna treni ilienda Chicago, na ndani yake alikuwemo...

"Sema," bibi akasema. Macho alikuwa ameyafumba.

"Alikuwemo mtoto wake," Percell akasema. "Na anamsubiri."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo asubuhi."

Bi Verlene akaitikia kwa kichwa. Wakakaa hivyo mpaka kivuli cha mpekani kikawafikia miguuni, ndipo akaomba arudishwe hotelini kwake, na kesho yake akapanda ndege.

Watalii bado wanakuja. Wanamwuliza juu ya mzimu wa Tarver, maana wamesikia, na Percell anapita pale bila kuzima injini, anasema hakuna kitu, ni jengo tu, angalieni hilo shimo barabarani, humo alizikwa meya. Lucious anasema biashara itamfia. Inamfia kidogo.

Nyumbani, alfajiri ya kwanza baada ya siku ile, aliamka kabla ya kawaida, hakuwasha redio. Alisubiri. Bomba la jikoni lilikohoa upepo, halafu likanyamaza. Hakuna kingine. Akachemsha maji ya dumu, akajitengenezea kahawa, akaanza kuikoroga, ting, ting, akaacha. Akasikiliza jikoni, akasikiliza barazani, akasikiliza chumba alicholala Ozella alipokuwa mgonjwa. Kimya. Nyumba haikuwahi kuwa na kimya kama hicho, hata kabla.

Akakoroga tena kidogo, kahawa ilishachanganyika zamani, ili tu pawe na sauti.